Dakika Kumi za Mikono Mitupu

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kuketi nasi katika ukumbi huu, haya mtakayoyasikia ni maisha ya mzee wetu, fundi mchanganya rangi, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu la Jicho, na yanasomwa na binti yake wa mwisho kwa niaba ya familia. Familia inaomba ijulikane mapema kwamba marehemu mwenyewe aliyasimamia, aliketi na binti yake huyo tarehe 17 na tarehe 24 Julai mwaka 2021, akasema lipi liandikwe na lipi liachwe, akasomewa, akasahihisha tarehe tatu, na mwisho akatoa agizo moja ambalo hakutaka lijadiliwe: "Msije mkasema eti niliugua macho ya uzee. Uzee una makosa yake mengi, ila hili si lake. Semeni sigara, na mseme kwa sauti ya kufika mlangoni." Katika kikao cha juzi wako walioona kwamba neno hilo halifai kutamkwa mbele ya jeneza, kwamba mtu huagwa kwa mazuri yake, na kaka wa marehemu, ambaye ni baba mkubwa wa msomaji, alishikilia hivyo mpaka jana alasiri, ndipo akasema, "Basi soma. Lakini usinitazame wakati unasoma." Msomaji ameahidi kutomtazama, na historia inasomwa yote.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi mwaka 1953, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi viatu na mama mfua nguo. Vyeti vyake vyote, pamoja na kitambulisho na barua ya kustaafu, vinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1954, kwa sababu karani aliyemwandikisha shule alikuwa na watoto wengi mlangoni na subira kidogo, lakini mama yake alikuwa ameiandika tarehe ya kweli kwa penseli ndani ya kifuniko cha sanduku la nguo, na sanduku hilo lipo, na maandishi yanasomeka mpaka leo, hivyo familia inafuata sanduku.

Alianza shule ya msingi Januari 1961 na akamaliza darasa la nane Novemba 1968. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, na asingekumbukwa na mwalimu yeyote kama si kisa cha ramani, ambacho alikipenda mno na akaagiza kisiachwe. Siku moja akiwa darasa la tatu, mwalimu alitundika ramani kubwa ukutani, akawaambia watoto kwamba sehemu zote za kijani ni misitu, naye akanyoosha mkono akasema kuna kijani mbili pale, si moja. Mwalimu akatazama, akaona moja, akamwambia asimame mpaka rangi zifanane. Akasimama. Kengele ya mapumziko ikalia, akasimama, kengele ya kwenda nyumbani ikalia, amesimama, na mwalimu alipotaka kufunga mlango akaishusha ramani, akaipeleka dirishani, akakuta kwamba kipande kimoja kiliwahi kuchanika, kikabandikwa karatasi na kupakwa upya kwa wino wa chupa nyingine. Kesho yake mwalimu huyo ndiye aliyemwita Jicho kwa mara ya kwanza, akidhani anamtania, na jina likaganda.

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Mei 1971, akiwa na miaka kumi na minane, aliajiriwa katika kiwanda cha rangi kilichoko nyuma ya reli, kazi yake ikiwa kuosha madebe. Aliyaosha kwa miaka mitatu na miezi tisa, na mikono yake ilinuka thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, hata siku za mapumziko. Tarehe 10 Februari 1975 alihamishiwa meza ya kuchanganyia, baada ya kumwambia bingwa wa meza, mbele ya watu, kwamba debe alilolifunga lilikuwa limezidi njano kwa tone moja, na bingwa, ambaye hakuwa mtu wa kupoa haraka, akaongeza buluu, akafunga, akafungua tena, kisha akasema, "Huyu anipeni mimi, kabla hajaniaibisha kwa wateja."

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo sigara inapoingia, na marehemu alitaka ieleweke iliingiaje. Kazi ya meza ilikuwa kutazama. Mteja analeta kibanzi cha mlango, kipande cha kitambaa au kigae kilichovunjika, na mchanganyaji anatafuta rangi ile ile kwa jicho tupu, kwa kijiti na matone, hakukuwa na mashine. Bingwa alimfundisha siku ya kwanza kwamba jicho likikaa kwenye nyekundu kwa muda mrefu linaanza kudanganya, kwamba dawa yake ni kutoka nje kwenye mwanga wa jua na kutazama mbali kwa dakika chache. Lakini kutoka nje kulikuwa na sheria yake. Kwa sababu chumba kilijaa thina na cheche moja ingekilipua, wavutaji waliruhusiwa kwenda kuvuta kwenye kibanda cha bati nyuma ya ghala, dakika kumi saa nne asubuhi na dakika kumi saa tisa alasiri, na asiyevuta hakuwa na ruhusa yoyote, alibaki mezani. Jicho alipouliza atapumzishaje macho, bingwa alimpa sigara moja, akamwambia, "Shika tu. Si lazima uvute." Akaishika kwa siku tatu, ile ile moja, mpaka ikaanza kupukutika, ndipo msimamizi alipomkuta kibandani akamuuliza, "Hiyo ni pambo? Washa au rudi ndani." Akawasha. Ilikuwa tarehe 12 Machi 1975, siku mbili kabla hajatimiza miaka ishirini na miwili, na tangu siku hiyo alivuta kwa miaka thelathini na mitano. Mzee huyu, jamani, alianza kuvuta sigara ili ayapumzishe macho.

Mwaka 1978 alikutana na aliyekuja kuwa mkewe, mama yetu, aliyeketi hapa mbele, ambaye wakati huo alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule. Alikuja kiwandani Agosti na kipande cha kitambaa cha zambarau, akitaka rangi ya kupaka mlango wa karakana ifanane nacho, akapewa kopo, akaondoka, kesho yake akarudi nalo. "Hii imeegemea wekundu." Jicho akamwambia, "Dada, hapa hajawahi kuja mtu wa kuniambia hivyo," naye akajibu, "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Alirudi mara ya pili, na mara ya tatu Jicho alibeba kopo na brashi akaenda naye hadi mlangoni, akaupaka yeye, akangoja ukauke, akauliza kama sasa ameridhika, na marehemu alisema mpaka mwisho kwamba jibu la swali hilo bado analisubiri. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 6 Oktoba 1979, wakaishi pamoja kwa miaka arobaini na minne na miezi kumi na moja, wakajaliwa watoto wanne, fundi umeme aliyezaliwa 1981, muuguzi aliyezaliwa 1984, dereva aliyezaliwa 1989 na binti huyu wa mwisho aliyezaliwa 1996, na baadaye wajukuu wanane.

Nyumbani alikuwa baba mcheshi na mgumu, aliyeweza kumrudisha mtoto dukani kwa sababu uzi alionunua haukuwa mweusi bali buluu iliyokolea. Alivuta akiwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kwa sababu mama alikataa moshi chumbani naye alikataa kufukuzwa kwake. Kuanzia mwaka 1998 hivi macho yake yalikuwa makavu, mekundu, yakiwasha na kutoa machozi bila sababu, na kila alipoambiwa aende kliniki alisema ni thina. Thina ilibebeshwa lawama nyingi katika nyumba ile.

Sasa familia inawaomba mtazame ukuta ulio kushoto kwenu. Kuta tatu za ukumbi huu ni za kijani cha jani changa la mgomba, na huo wa nne ni kijani kilichochoka, kinachoelekea udongo, na kwa miaka kumi na mitano watu wa mtaa huu wamekuwa wakiuliza kwa nini. Leo mnajibiwa. Mwezi Juni 2009 kamati ya mtaa iliagiza rangi kiwandani kwa ajili ya ukumbi, vipimo vikakosewa, madebe manane yakaishia kuta tatu, na mpakaji akaomba mengine mawili. Sheria ya meza ni kwamba rangi ya chumba kimoja huchanganywa siku moja katika pipa moja, lakini Jicho hakuona shida, kwa kuwa hakuwahi kuandika vipimo vya rangi yoyote, wakimwuliza fomula iko wapi alikuwa akigusa shavu chini ya jicho la kulia na kusema, "Iko hapa." Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Juni, alichanganya madebe hayo mawili, akayatazama juani, akasema ni yale yale, yakapelekwa.

Mzee wa stoo alifungua kifuniko, akaona si yale yale, akadhani ni kwa sababu rangi haijakauka. Aliyeyabeba akaona, akadhani ni kivuli cha gari. Mpakaji akapaka mkono wa kwanza, akarudi nyuma hatua sita, akatazama, akaenda bombani kunawa uso, akarudi, akapaka mkono wa pili. Kila mmoja aliliona kosa, na kila mmoja akayashuku macho yake mwenyewe, kwa sababu aliyechanganya alikuwa Jicho, na katika kiwanda kile hakuna aliyewahi kubishana na Jicho akashinda isipokuwa mwanamke mmoja wa karakana ya sare.

Mwanamke huyo alikuja ukumbini siku ya Jumapili, tarehe 14 Juni, kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, "Baba watoto, ukuta mmoja ni wa rangi nyingine." Akasema ni kivuli. Wakaja pamoja saa tano, kivuli kilikuwa kimehama na ukuta ulikuwa vile vile, wakaja tena saa kumi, ukuta ulikuwa vile vile, Jicho akaweka vifuniko viwili vya madebe ubavu kwa ubavu juani, akainama, akachuchumaa, akavigeuza, na kwake vilikuwa kitu kimoja. Ndipo alipomwita mpakaji na kumuuliza ana kwa ana, na mpakaji, ambaye leo ni mzee na yuko nasi hapa, akatazama sakafu, akasema, "Mzee, nilidhani ni mimi." Marehemu alisema kwamba katika maisha yake yote hakuna sentensi iliyomuuma kuliko hiyo, na kwamba aliketi kwenye ngazi ya mpakaji, akawasha sigara.

Tarehe 22 Juni 2009 alikubali kwenda kliniki ya macho, akisindikizwa na mama. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimpima asubuhi nzima, akamwambia kwamba macho yote mawili yameanza mtoto wa jicho, na kwamba pazia la nyuma ya jicho la kushoto limechakaa katikati, mahali padogo kama punje, ambapo ndipo mtu anaposomea, anapotambulia sura na kuchambulia rangi. Akamuuliza anavuta ngapi kwa siku. Jicho akasema kumi na mbili. Mama akasema, "Ishirini, na za kuombwa hazihesabiwi." Daktari akaeleza, na marehemu alitaka maelezo hayo yasomwe kama alivyoyapata, kwamba moshi hauharibu jicho kwa kuliwasha tu, unaingia kwenye mapafu, kutoka hapo unaingia kwenye damu, na damu hiyo ndiyo inayolisha jicho, mishipa myembamba ya nyuma ya jicho inabanwa na kuchoka, lenzi inapata ukungu mapema, na mvutaji yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupoteza katikati ya macho yake kuliko asiyevuta. Akamwambia kwamba kuacha hakutarudisha kilichokwenda, ila kunaweza kuchelewesha kilichobaki kisiende. Jicho akasimama, akavaa kofia, akamwambia, "Daktari, nikipofuka nitavuta nikiwa kipofu, mdomo naujua ulipo." Akatoka. Familia haioni sababu ya kulificha hilo, alikuwa mtu wa hasira, na siku ile hasira ilikuwa imemwelekea asiyehusika.

Daktari alikuwa amempa mama karatasi yenye miraba midogo, kama ya daftari la hesabu, na kitone katikati, akamwagiza aibandike mlangoni ili mgonjwa aitazame kila asubuhi kwa jicho moja moja. Aliitazama kwa miezi saba, akivuta. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Januari 2010, akiwa amefunika jicho la kulia, mistari ya katikati ilipinda kama waya uliokaliwa na ndege. Akamwita mama, "Njoo uinyooshe karatasi yako." Mama akaja, akapitisha kiganja juu yake. "Imenyooka." Jicho akasema, "Haya," akaenda kazini, na Jumatatu iliyofuata, tarehe 1 Februari, hakununua pakiti. Aliteleza mara mbili, tarehe 9 Machi baada ya kugombana kazini na tarehe 19 Agosti baada ya kumzika dada yake, akavuta sigara nne kwa jumla, na aliagiza ziandikwe zote nne, ili mtu yeyote anayejaribu kuacha na akateleza asijione kwamba ameshindwa. Sigara yake ya mwisho ni ya tarehe 19 Agosti 2010.

Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia tarehe 2 Machi 2011 na la kushoto tarehe 8 Juni mwaka huo huo. Bandeji ya kwanza ilipoondolewa alimtazama mama kwa muda, akasema, "Kumbe hiyo blauzi ni buluu! Miaka miwili nimekuwa nakuambia umevaa kijivu." Mama akamjibu, "Na miaka miwili nimekuwa nakuambia ni buluu." Jicho la kulia lilirudi vizuri sana, lakini la kushoto lilibaki na doa jeusi katikati, kwa kuwa hakuna kisu kinachorudisha pazia lililochakaa.

Kiwanda kilitaka kumhamishia getini. Aliwauliza, "Mlinzi asiyetambua sura kwa jicho la kushoto? Mnataka niwafungulie wezi kwa heshima?" Akakataa kuondoka mezani, akawaweka wachanganyaji wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, akawatajia fomula za rangi mia tatu na kumi na nane zilizokuwa kichwani mwake, wao wakipima na kuandika, yeye akisimamia, na alipofika kwenye kijani cha ukumbi huu aliwaambia waiandike mara mbili, iliyo sawa na iliyokosewa, na chini ya iliyokosewa waweke jina lake.

Kilichofuata ndicho alichojivunia kuliko vyote. Wachanganyaji wale wawili hawakuwa wavutaji, na kwa sababu hiyo walikuwa wanakaa mezani kutwa nzima, na siku moja mwezi Agosti 2012 alimsikia yule wa kike akimuuliza mzee wa stoo kama ana sigara ya ziada, "ya kushika tu." Jicho akaweka kijiti chini. Akaenda kwa msimamizi kuomba kwamba dakika kumi ziwe za kila mtu wa meza, na msimamizi, ambaye hakuwa yule wa zamani lakini alikuwa amerithi maneno yake, akamuuliza, "Mapumziko ya nini kama huvuti?" Akasema ni ya macho. Akaambiwa kiwanda hakina mapumziko ya macho. Basi tarehe 3 Septemba 2012, saa nne kamili, akatoka, akaenda kwenye kibanda cha bati, akasimama pembeni yake mikono ikiwa mitupu, ameigeuza viganja mbele ili kila mtu avione, akatazama upande wa reli.

"Unavuta?"

"Hapana."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Natazama mbali."

Alipewa barua ya onyo tarehe 4 Septemba, ya pili tarehe 18 Septemba na ya tatu tarehe 9 Oktoba, zote zikisema kosa lake ni kusimama nje bila sababu, na kila alipopewa barua alishukuru, akaikunja, kesho yake saa nne akasimama tena bila sababu. Wavutaji wenyewe walimtania, wakamwambia, "Jicho, unatuharibia kibanda, wewe si mwenzetu tena," naye akawajibu kwamba yeye ni mwenzao kuliko wanavyodhani, waulize ukuta wa ukumbi. Baada ya barua ya kwanza alisimama naye yule mchanganyaji wa kike, baada ya ya pili mzee wa stoo, na baada ya ya tatu walikuwa watu kumi na mmoja, wamepanga mstari kama wanaosubiri picha, na msimamizi akawa na barua chache kuliko watu. Siku ya Jumanne, tarehe 23 Oktoba 2012, tangazo lilibandikwa kwamba wote wa meza ya rangi watatoka dakika kumi saa nne na dakika kumi saa tisa, na neno "wavutaji" likakatwa kwa kalamu. Barua zile tatu alizitia kwenye fremu, akazitundika sebuleni karibu na picha ya harusi, na mgeni yeyote aliyeuliza ni vyeti vya nini aliambiwa ni shahada zake. Alistaafu tarehe 28 Machi 2013.

Mwaka 2016 kamati ilitaka kuupaka upya ukuta huu bila malipo, na wachanganyaji wake walikuwa tayari na fomula iliyo sawa, lakini alikuja hapa na fimbo yake, akaketi mbele yake, akasema, "Nyumbani kwangu mtapaka mnachotaka. Huu mwacheni. Huu ni uso wangu." Kuanzia mwaka 2017 jicho la kulia nalo lilianza kupinda mistari, na kufikia 2020 katikati yake palikuwa pamekwenda, akabaki anaona kingo tu, mlango lakini si aliyesimama mlangoni. Daktari alimwambia kwamba kama asingeacha huenda lingekwenda mapema zaidi, naye akasema, "Basi nimeiba miaka saba." Kuna watu katika mtaa huu waliodhani amekuwa na dharau, kwa sababu alipozungumza nao aligeuza uso na kuwatazama kwa pembeni. Familia inawaambia leo kwamba pembeni ndiko alikobakiwa na macho, na alipogeuza uso, hapo ndipo alipokuwa anajitahidi kukuona. Uso wa kitukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa mwaka jana, hakuwahi kuuona. Aliushika kwa vidole, akauliza tu amevaa rangi gani.

Mwezi Agosti mwaka huu wa 2024 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, akalazwa tarehe 2 Septemba, na daktari wa moyo alipouliza kama aliwahi kuvuta alijibu mwenyewe, kwa tarehe. Alifariki siku ya Jumatatu, tarehe 9 Septemba, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, miezi mitano na siku ishirini na sita, kwa hesabu ya sanduku.

Familia inamshukuru daktari wa macho, ambaye alitukanwa siku ya kwanza na akaendelea kumtibu kwa miaka kumi na mitano, madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliomshika mkono barabarani bila kumfanya ajione mzigo, kamati ya mtaa kwa ukumbi na kwa kuuacha ukuta, mpakaji, mzee wa stoo, na wafanyakazi wa meza ya rangi, kumi na tisa, ambao wote wamekuja.

Hao kumi na tisa wameomba jambo moja, na mama amelikubali. Saa nne kamili, kabla jeneza halijainuliwa, watatoka nje mikono mitupu, wasimame dakika kumi, watazame mbali. Anayetaka kuungana nao aungane nao. Mwenye pakiti mfukoni hatafukuzwa na mtu wala hataulizwa, anaombwa tu aiache humu ndani, chini ya ukuta huo, na akitaka kuirudia baadaye ataikuta. Msomaji bado hamtazami mtu.

Baba, saa nne imekaribia. Pumzika kwa amani, pumzika kadiri upendavyo, safari hii hakuna atakayekuuliza sigara yako iko wapi.